Nilivyompeleka Wifi Kambini na Kurudi na Mtoto

Kulwa na Nyanzobe, rafiki zangu huko Mwadui,

Mwandiko huu msiucheke. Mkono wangu mnaujua, umezoea nyundo ya kupondea mawe kuliko kalamu, na tangu nimalize darasa la saba sijaandika kitu kirefu zaidi ya majina ya watu kwenye viroba. Nilipokosea herufi, someni kwa kukisia. Barua hii nimeiandika kwa siku sita, kidogo kidogo, mtoto akilala.

Mliniuliza kwenye simu, "Holo, uliondoka na wifi yako, ukarudi na mtoto tu. Kulikoni?" Nikajibu, "Tutaongea." Mnanijua, kwenye simu maneno yananikauka. Hapa Mwakitolyo nako kila mtu anasema lake. Wengine wanasema wifi amemkimbia kaka Masanja kwa sababu amevunjika mguu duarani, kule shimoni kwenye dhahabu. Mmoja, sitamtaja, alisema kisimani huku mimi nasikia, kwamba nimemuuza. Ndiyo maana naandika. Mkimaliza kusoma, barua muifiche.

Kuna jambo hamkulijua. Mama Kabula, wifi yangu, si mtu wa Ngara kama tulivyokuwa tukiwaambia watu. Ni wa Burundi. Aliingia nchi hii na mama yake akiwa na miaka kama kumi na miwili, wakapelekwa kambini, kambi ambayo jina lake sitaliandika. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Yeye alitoka bila kibali, akalima tumbaku ya watu, akasogea hadi machimboni, kaka akamwona. Yaliyofuata mnayajua, mlicheza ngoma siku ya harusi.

Sasa kambi inafungwa. Wakimbizi wanaambiwa kwao kumetulia, warudi. Anayeogopa kurudi anaitwa na kuhojiwa, aeleze kwa nini anaogopa. Akieleza wakaridhika, anabaki. Asipoweza kueleza, anapanda lori la kwenda mpakani. Mama yake wifi hawezi kueleza. Siku walipouawa mume wake na wanawe wawili, yeye alikuwa anawapa kuku chakula, na tangu siku hiyo akiulizwa yaliyotokea huanza kusimulia habari za kuku. Kuku wangapi, wa rangi gani, yupi alikuwa anaatamia. Basi. Aliyeona yote ni wifi, akiwa amejificha kwenye migomba.

Jumapili ikaja simu kutoka kambini. Upande wa kambi anakoishi mama yake wifi utaitwa Alhamisi. Wifi akasema, "Nisipofika, mama atawaambia habari za kuku, na watamrudisha."

Mwakitolyo hadi Kahama

Tuliondoka Jumanne asubuhi. Mama alitufungia matobolwa ya kula njiani kwenye kitambaa, akatupa na maagizo.

"Njiani usiongee sana," alimwambia wifi. "Holo ndiye atakayekuwa mdomo wako."

Wifi alicheka hadi akashika mlango. "Mama, katika midomo yote ya nyumba hii ukauchagua huu!"

Kaka hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele, ameshika kisigino cha Kabula aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. Alikishika hadi wifi alipoanza kutembea. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Ukimfikisha, mrudishe."

Niliitikia.

Gari letu halikufika mbali. Lori lililobeba mawe ya dhahabu lilikuwa limekwama kwenye korongo, limelala upande, na nyuma yake magari yamepanga mstari. Abiria wote tukateremka. Wachimbaji walikuwa wanalisukuma lori huku wanaimba na kutukana matope. Mmoja wao, amejaa udongo mwekundu hadi kwenye kope, akamwita wifi, "Dada, weka mtoto chini uje usukume! Au wewe si Msukuma?"

Watu wakaangua kicheko. Ni utani wa kila siku, hata nyinyi mmeusikia mara mia. Lakini wifi alibadilika uso, akawa kama majivu. Akachelewa kucheka. Nikaona mwanamke mmoja anamtazama kwa sababu ya kule kuchelewa, nami nikaangalia chini kana kwamba ni mimi niliyeshikwa.

Lori lilitoka matopeni saa tisa. Kahama tukaingia jua limezama, tukalala kwa mama mmoja wa kanisani kwetu. Jumanne yetu ikaishia hapo.

Masumbwe: mzee wa ng'ombe

Jumatano tulipanda basi la kwenda Nyakanazi. Masumbwe likasimama watu wale. Tukaingia kwenye kibanda cha chakula, tukaagiza wali na maharage. Kabula alikuwa anakula vizuri, anajipaka mpaka masikioni, na wifi kwa mara ya kwanza tangu tuondoke alikuwa amelegeza mabega.

Mzee mmoja akaja kukaa meza yetu. Amevaa kofia, ana fimbo, ananuka zizi. Akatusalimia Kisukuma, "Mwadila." Nikapiga goti kidogo, nikaitikia. Mnajua salamu za kwetu zilivyo. Mtu mzima akikusalimia, salamu haijaisha mpaka umemwambia wewe ni mtoto wa nani, umetoka wapi, unakwenda kwa nani, na huko kuna nini. Kumkatia njiani ni kumtukana. Mimi sijui kuongea na watu, lakini salamu ya mzee nimefundishwa nikiwa bado natambaa, na majibu yake yananitoka yenyewe kama sala.

Akauliza, nikajibu. Mtoto wa Makoye. Mwakitolyo. Huyu ni wifi yangu. Tunakwenda kambini kwa mama yake, mama ataitwa kesho.

Nilipomaliza, nikasikia nilichosema.

Mzee aliacha kutafuna. Akamtazama wifi, akamtazama mtoto, akatazama basi kule nje. Akatoa simu kwenye koti.

"Kaeni hapa hapa," akasema. "Msipande lile basi. Nakuja."

Akatoka, akaenda nyuma ya kibanda kuongea na simu.

Wifi alinishika mkono kwa kucha. "Holo. Umesema nini?"

"Amenisalimia."

"Amekusalimia ndiyo umpe na mama yangu?"

"Ni mtu mzima, wifi."

"Hata wanaotukamata ni watu wazima!"

Akamnyanyua Kabula na wali wake mkononi. Tukapita jikoni. Mpishi akatupigia kelele, "Choo kiko kulia!" Sisi tukaenda kushoto. Tulipita nyuma ya maduka, tukapita kwenye kiwanja cha shule, tukatokea barabarani mbali na stendi. Basi tukaliacha na begi la nguo za mtoto ndani yake. Matobolwa tu ndiyo yalikuwa yamebaki, kwa sababu nilikuwa nimeyafunga kiunoni.

Tulitembea pembeni mwa barabara ya kwenda Ushirombo. Gari likisikika, tunaingia kwenye mahindi. Likipita, tunatoka. Wifi hakunisemesha. Nilitamani anitukane. Nilikuwa natembea nyuma yake, namwangalia Kabula mgongoni, naye ananiangalia mimi na punje ya wali imemganda shavuni.

Ndani ya fuso

Sijui tulitembea muda gani. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na hatukusikia gari lile kwa sababu lilikuja taratibu. Fuso la ng'ombe. Likatupita, likasimama, likarudi kinyumenyume. Dereva akatoa kichwa.

"Nyinyi ndio mlioacha wali mezani?"

Nilipima mahindi yalivyo mbali.

"Baba yangu kanipigia," akasema. "Lile basi lenu huko mbele linashushwa watu wote, wanahojiwa mmoja mmoja. Alitoka kunipigia niwachukue mimi. Anarudi, anakuta sahani. Amesikitika mzee wa watu! Anasema tangu azaliwe hajawahi kukimbiwa na mtu aliyemsalimia."

Wifi aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Masumbwe.

"Tukikataa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Kesho ni Alhamisi," nikasema.

Tukapanda. Wifi mlangoni, mimi katikati, mtoto kwenye mapaja yake. Alininong'oneza, "Kama ni mtego, ndio tumeshaingia." Nyuma yetu ng'ombe walikuwa wanagonga mbao kwa pembe, na kila wakigonga nilishtuka. Dereva alipiga soga peke yake, kuhusu mnada, kuhusu ng'ombe mmoja mwekundu aliyemkanyaga, kuhusu mkewe anayemlaumu kwa harufu. Tulipopita Runzewe akasema, "Mbele kuna kizuizi. Mtaniachia mimi niongee. Nyinyi kimya."

Nilifurahi kusikia hivyo. Kukaa kimya ndiyo kazi ninayoiweza duniani. Na tangu pale kwenye wali nilikuwa nimejiapiza sitafungua mdomo tena mpaka nimwone mama yake wifi.

Kizuizini

Kizuizi kilikuwa ni gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Dereva akaitwa nyuma kuonyesha karatasi za ng'ombe. Kwa hiyo aliyepaswa kuongea hakuwepo.

Kijana mmoja aliyevaa sare akafungua mlango upande wa wifi. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonitisha, alikuwa anauliza kama mtu anayejaza kitu alichokwisha kukijua.

"Habari zenu. Mnatoka wapi?"

"Mwakitolyo," wifi akajibu.

"Mnaelekea?"

"Nyakanazi."

"Huyu ni nani wako?"

"Wifi yangu."

"Ahaa, umeolewa. Na nani?"

"Baba Kabula."

"Baba Kabula hakuzaliwa akiitwa Baba Kabula."

Wifi akainamisha uso. "Masanja."

"Masanja mtoto wa nani? Baba mkwe wako anaitwaje?"

Wifi akanyamaza.

Nyinyi mnajua kwa nini. Mke hatii jina la baba mkwe wake mdomoni. Wifi ndiye anayeishika sana hii kuliko wake wote pale kwetu. Yule jirani aliyefanana jina na baba, humwita "wa mlango wa bluu". Aliwahi kuniambia kwamba hata kwao ni hivyo hivyo, kwamba mambo mengine yote ya kwetu ilibidi ajifunze, ila hili alikuja nalo.

"Nimekuuliza, dada. Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Midomo yake ilisogea kidogo. Niliona anajaribu. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Halikutoka.

"Mwanamke gani hajui jina la baba mkwe wake?" kijana akasema, bado hana hasira. "Shuka."

Na mimi? Mimi ni mtoto wa Makoye. Jina lile ni langu, nimeliandika juu ya madaftari miaka saba. Ningelisema tu, yangeisha. Lakini nilipofungua mdomo kule Masumbwe niliharibu, na dereva alisema kimya, na ulimi ukalala. Kijana aliniangalia akisubiri. Nikaangalia kioo cha mbele.

"Na wewe shuka."

Tulipelekwa chini ya bati lililowekwa kwenye nguzo nne. Walikuwepo wanaume watatu waliokaa chini, na kijana mmoja wa umri wetu, ana vumbi la mawe kwenye nywele kama letu. Kabula alianza kulia, wifi akampa ziwa. Akasema kama anajisemea, "Saa hizi mama ameanza kuhesabu kuku."

Baadaye akafungua kitambaa, akampa yule kijana matobolwa. Akayageuza geuza.

"Hii ni nini?"

"Viazi vitamu," wifi akasema. "Vimechemshwa vikakaushwa."

"Viazi vilikosa nini hadi vikaadhibiwa hivi?" Lakini akala, akaomba kingine.

Alituambia alitoka kambini kwenda kuosha udongo wa dhahabu kwenye machimbo ya huku, kwa sababu kambini hakuna kazi na wameambiwa hata vibanda vya biashara wafunge. Alikuwa anasema polepole, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kisha akanigeukia.

"Dada, mlipoulizwa jina pale garini, mbona hamkusema?"

Nikamjibu kwa sababu alikuwa mpole. "Ni jina la baba yangu. Yeye ni mkwe wake, hawezi kulitaja."

"Na wewe?"

Nikaanza kukunja kitambaa cha matobolwa.

"Mimi wameniuliza jina la baba yangu," akasema. "Nikalisema, na ndilo lililoniweka hapa. Nyinyi mnalo jina la kuwatoa, mmekaa nalo mdomoni."

Hakusema kwa ubaya. Nilisimama. Kutoka chini ya bati hadi kwenye meza yao ni hatua kama ishirini, na nilizitembea kama mtu anayeingia duara refu bila kamba. Nilifika, nikasema. Hawakusikia. Nikasema tena.

"Ongea, dada, hatuli watu hapa," kijana wa sare akasema.

"Makoye," nikasema. "Ni Makoye. Baba yake Masanja. Ni baba yangu mimi. Wifi hawezi kulisema, ni mkwe wake."

Kijana akacheka. "Hawezi kulisema! Kwani linauma?"

Alikuwepo mama mmoja wa makamo, naye ana sare, anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Wewe umezaliwa pwani, utayajulia wapi? Mimi nina wajukuu, na la mkwe wangu sikulitamka mpaka alipozikwa, na hata sasa sitalitamka." Akamwita wifi. "Njoo, mkwe wa watu. Nisalimie."

Wifi akaja, mtoto amemfunga mgongoni, akapiga magoti yote mawili kwenye changarawe, akamsalimia Kisukuma salamu yote, taratibu, bila kuruka kitu. Mama yule akaitikia yote. Akamfuta Kabula ile punje ya wali shavuni.

"Hawa ni wetu," akasema. "Waache waende."

Wakati ule ule lilikuwa limefika lori, na wale wanaume walikuwa wanapandishwa. Kijana wa matobolwa alipanda wa mwisho. Aligeuka, akainua mkono wenye kiazi, kama mtu anayemuaga mwenzake wa kazi. Sikumuuliza hata jina. Lile neno "wetu" nimerudi nalo, na kila mara nakumbuka nani lilimwacha nje.

Nyakanazi hadi getini

Dereva alikuwa ametusubiri na ng'ombe wake hadi jua likazama. Alitushusha Nyakanazi, akatuelekeza kwa dada yake tukalala. Alhamisi alfajiri tulipata gari la kwenda kusini. Njia nzima wifi alikuwa anasema kimoyomoyo, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Akaniambia, "Napanga. Nani aliingia kwanza, nani alikuwa amesimama wapi. Nisichanganye."

Karibu na kambi tulianza kukutana na malori yanayotoka. Watu wamekaa juu ya magodoro, na wengi wao walikuwa wamebeba milango. Milango ya mbao, imeng'olewa na bawaba zake. Mwanamke mmoja alikuwa ameukumbatia mlango wake kama mtu.

Nje ya geti kuna soko dogo. Tulikaa kwa mama mmoja Muha anayeuza ndizi, tupumue kabla ya kwenda kwenye mstari. Alimtazama Kabula muda mrefu.

"Kazaliwa wapi huyu?"

"Mwakitolyo, Shinyanga."

"Baba?"

"Msukuma."

"Na wewe unaingia kuandikwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usiingie naye. Ukiingia naye, anaandikwa. Akiandikwa ni mtu wa kambi. Siku wakikupandisha lori, naye yumo, na huko ng'ambo hana hata shangazi. Nimewaona wa namna hiyo. Mababa wao wanakuja hapa getini kulia, wanaulizwa karatasi."

"Ananyonya," wifi akasema.

"Ugali anakula?"

"Anakula."

"Basi ataishi."

Alisema hivyo tu, akaendelea kupanga ndizi.

Wifi alikaa kwenye jiwe pembeni mwa barabara akamnyonyesha. Ziwa moja, kisha la pili. Mstari getini ulikuwa unasogea, na mimi nilikuwa nauangalia mstari na kumwangalia yeye, naogopa achelewe, naogopa amalize. Kabula akasinzia. Wifi hakumtoa mara moja.

"Wifi, turudi nyumbani," nikasema. Nilisema mimi, Holo. "Kaka alisema nikurudishe."

"Nikirudi nani atamsemea mama?"

"Basi nenda naye. Nitamwambia nini kaka?"

"Nikiwa naye mle ndani nitakuwa nawaza lori. Nitawaambia wanachotaka kusikia ili waniache. Nikiwa peke yangu, nitasema yote."

Akasimama, akaniweka mtoto mgongoni mwenyewe, akafunga kanga, akavuta fundo mara mbili kulipima. Kisha akanipigia magoti. Mimi ni mdogo kwake, alinikuta nikiwa bado mtoto, hajawahi kunipigia goti hata siku moja. Nilishindwa kumwinua.

"Akiamka, mpe ndizi kwanza," akasema. "Usimpe maji, atajua sipo."

Akaenda. Hakugeuka. Nilimwona anaulizwa kitu getini, nikaona anajibu mara moja, bila kusita. Nadhani aliulizwa jina la baba yake.

Sokoni

Nilikaa kwa yule mama wa ndizi siku mbili. Sikuruhusiwa kuingia. Kabula alilia hadi sauti ikakatika, akawa anafungua mdomo tu. Watu wa soko walinipa ushauri wa kila aina, uji, maziwa ya mbuzi, mmoja akasema nimpe ziwa langu kavu limdanganye. Nilimpa. Mnaweza kunicheka kwa hilo.

Jumamosi mchana akaja mwanamke kutoka ndani, ameruhusiwa kufuata kuni. Aliuliza, "Holo ni nani?"

"Ni mimi."

"Mama Kabula amenituma. Amesema yote. Muda mrefu kweli, mpaka aliyekuwa anaandika akaomba apumzike. Mama yake alikuwa amekaa kando, anaangalia ukuta. Walipomgeukia kumuuliza, sisi wa dirishani tukasema sasa zinakuja habari za kuku." Akafuta jicho kwa kiganja. "Akasema neno moja tu. 'Ni kweli.'"

"Wamesemaje?"

"Majibu yatabandikwa ubaoni."

"Lini?"

"Hawasemi."

"Na wifi atatoka lini?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Ameshaandikwa, mdogo wangu. Hatoki."

Kurudi

Kurudi sina mengi. Nilipanda magari, nikateremka, nikapanda. Pale kizuizini alikuwepo yule mama wa sare. Akachungulia, akauliza, "Mkwe wa watu yuko wapi?"

"Amebaki kwa mama yake," nikasema.

"Vizuri. Mwache apumzike." Gogo likainuliwa.

Nyumbani kaka alikuwa kwenye kigoda kile kile. Aliona mgongo wangu una mtoto, akaangalia nyuma yangu, akaendelea kuangalia njia hadi giza likaingia. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Sasa anatembea na fimbo, na anasema mguu ukipona atakwenda mwenyewe. Mama anamwambia, ukienda utasema nini, una karatasi gani ya ndoa? Kaka hana. Mlicheza ngoma ile, lakini ngoma haina muhuri.

Simu aliyokuwa akitumia mama yake wifi haipatikani tangu wiki mbili zilizopita. Sijui kama imekufa chaji, au imenyang'anywa, au imevuka mpaka. Kila lori likipiga breki huku machimboni, nakimbilia njiani kuangalia.

Kabula ameacha kulia. Anakula ugali na mboga zetu kavu za nsansa, anaongezeka uzito. Zile siku za kwanza alikuwa akikaa mlangoni. Siku hizi hakai. Juzi tulikuwa tunaponda mawe, yeye yuko kivulini na kopo lake, akaniita "Mama." Wanawake wote wakaacha kugonga. Sikuitika. Nikainamisha kichwa, nikagonga jiwe ambalo lilikuwa limeshavunjika. Akaita tena. Sikuitika tena.

Nikiitika, naona kama namzika wifi akiwa hai, na yeye ndiye aliyefunga ile kanga kwa mikono yake. Nisipoitika, mtoto anajifunza kwamba ukiita hakuna anayejibu. Nimejaribu kumwambia, "Mimi shangazi." Anacheka, anasema mama.

Nyinyi mna watoto, mimi sina. Naomba mniandikie, si kunipigia, mnanijua nilivyo. Mpeni dereva yeyote anayekuja Mwakitolyo, atanipata. Msiniandikie pole. Niandikieni hilo moja, niitike au nisiitike, na msikawie, kwa sababu anaita kila siku.

Holo